Chimni Iko, Lakini Moshi Tunakula Sisi

Wasee, leo niko na neno na watu wa nyumbani, Nyaramba.

Mnajua vile nyumba zetu hukaa kwa mteremko. Juu sebule, chini mnachimba kilima mnapata chumba kimoja, hicho kinakuwa jikoni. Kwetu ni hivyo. Tulikuwa na chimni ya matofali ya kitambo, kwa hivyo tuliponunua jiko jipya la kuni, fundi akatoboa, akachomeka paipu, akapaka simiti, akalipwa, akaenda.

Jioni hiyo moshi ukapanda hadi sebuleni. Kumpigia fundi, anasema, "Kuni zenu ni mbichi."

Kuni zilikuwa kavu kabisa. Shida zilikuwa tatu. Moja, tundu la jiko la zamani halikuzibwa, chimni ikawa inavuta hewa baridi badala ya moshi. Mbili, juu kulikuwa na masizi na kiota cha ndege. Tatu, chumba kina mlango mmoja tu, upande wa nyuma ni udongo. Tukifungua mlango moshi unatoka, tukifunga unarudi. Moshi hautoki kama hakuna hewa inayoingia.

Sasa hapa ndio inauma. Mathe alikohoa wiki mbili, akaamua kupikia makaa huko chini, mlango umefungwa juu ya baridi. Eti makaa hayana moshi. Lakini yana kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki, na inaua mtu akiwa amelala. Shirika la Afya Duniani linasema hewa chafu ya majumbani iliua watu kama milioni 3.2 mwaka wa 2020.

Maoni yangu ni haya: chimni ya zamani si ruhusa ya kuchomeka jiko lolote. Iangalieni kwanza, isafisheni, zibeni matundu yasiyotumika, wekeni tundu la hewa chini ya mlango. Kwetu hizo kazi zote zilichukua Jumamosi moja.

Na tuambiane ukweli. Tunabishana juu ya tailsi na geti kwa sababu wageni wanaziona. Jikoni anaingia mathe peke yake. Sisi vijana tunapanda paa mbio kurekebisha dishi ya TV siku ya mechi. Kwa chimni je, tunangoja nani?

Weekend ukienda ocha, shuka jikoni, funga mlango, kaa dakika kumi. Utajua.