Eti Kamera Siyo Kifaa cha Kupimia?

Najua nimewapotea kama wiki tatu hivi. Siyo kwamba bumu limekata (ingawa kukata limekata), ila nilikuwa na hasira, nikaona nikiandika nazo nitamwaga yasiyomwagika. Sasa zimepoa kidogo. Siyo zote. Sogeeni hapa kimbwetani niwamegee.

Nilisimama mbele ya jopo kutetea pendekezo la mradi wangu wa mwaka wa mwisho: kupima jinsi daraja la mbao linavyopinda likibeba mzigo, kwa kutumia kamera ya simu. Hata slaidi ya tatu sijaifikia, mwalimu mmoja (jina nalihifadhi, cheti bado nakihitaji) akanikatisha: "Kijana, kamera ni ya kupigia picha. Kifaa cha kupimia kiko wapi?" Darasa zima kicheko. Jamaa mmoja wa viti vya nyuma akadakia eti nikafungue studio ya picha za pasipoti. Nikarudishwa nikatafute "mada yenye vifaa". Jamani, vifaa gani? Vile vilivyofungiwa kabatini tangu sijaingia chuo, na funguo hakuna anayejua anayo nani?

Sasa kwa vile pale mbele sikupewa nafasi ya kujibu, najibia hapa.

Wazo lenyewe nililiiba kwa watu wa ndege, na silionei aibu. Mnaijua ile Dreamliner, Boeing 787, ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza mwaka 2018? Kila mara kuna mtu anarusha video kwenye grupu, bawa linapinda juu kama upinde, halafu anaandika "hii ndege mbovu, ombeni Mungu". Wadau, bawa lile limetengenezwa lipinde! Tarehe 28 Machi 2010 Boeing walilichukua bawa la aina hiyo wakalivuta juu hadi asilimia 150 ya mzigo mkubwa kabisa linaotarajiwa kukutana nao kazini. Ncha yake ikapanda kama mita 7.6. Hiyo ni zaidi ya urefu wa nyumba nyingi za kwetu. Halikuvunjika. Tofauti ya yule mrusha video na mhandisi ni moja tu: mmoja anaona bawa linasogea, mwenzake anajua limesogea kiasi gani na lilitakiwa lisogee kiasi gani.

Na hawakuamua kupima hivyo kwa kupenda sifa. Walifundishwa na misiba. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti iitwayo Comet ilianza safari ya kwanza ya abiria ya ndege za aina hiyo duniani, London kwenda Johannesburg, na njiani ilitua Entebbe, hapo hapo kwa jirani zetu Waganda. Ndege ile ile, tarehe 10 Januari 1954, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, wakafa watu 35. Mwezi wa nne mwaka huo huo Comet nyingine ikaangukia baharini karibu na Naples, wakafa 21. Waingereza wakachukua Comet ya tatu, wakaitumbukiza kwenye tangi la maji kule Farnborough, wakawa wanaijaza presha na kuitoa kama vile inapaa na kutua. Ilipasuka ilipofikisha mizunguko 3,057, ukijumlisha safari zake za kweli na zile za tangini. Metali ilikuwa imechoka. Kwenye kona za madirisha na matundu ya mwili wake nguvu zilikuwa zinarundikana kuliko walivyokuwa wamepiga hesabu.

Hapo ndipo kwenye hoja yangu. Tukiambiwa kupima hapa chuoni tunafikiria streni geji, vile viwaya vya kubandika kwa gundi. Vizuri sana, sivikatai. Lakini kimoja kinapima pale ulipokibandika tu, na unakibandika pale unapopashuku. Je, pale usipopashuku? Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 mwanzoni wataalamu wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, walianza kutumia picha: unakipaka kitu madoadoa, unakipiga picha kabla na baada ya mzigo, kompyuta inalifuata kila doa limehamia wapi. Mwaka 2013 NASA walichukua pipa la alumini lenye kipenyo cha mita 8.4, wakalipaka madoa meusi na meupe kama 70,000, ukiliona utasema kanga! Wakaliminya hadi likakunjamana huku kamera zinatazama. Kila sehemu iliyoanza kubonyea ilionekana. Sasa nendeni mkawaambie NASA kamera ni ya picha za pasipoti.

Najua jibu la wengi: "Hao ni NASA, sisi ni Tanzania." Ndilo neno linaloniudhi kuliko yote. Basi niwapeleke kwetu Chiwanda, mwambao wa Ziwa Nyasa, ile kata ya dagaa na mihogo ambayo mpaka leo mkisikia mnauliza "ni Malawi?" (Ni Ruvuma, zamani wilaya ya Mbinga, tangu 2012 wilaya ya Nyasa. Tumeelewana?)

Likizo ndefu ya mwaka jana nilikuwa nyumbani. Kuna kijito watoto wanavuka kwenda shule, na daraja lake ni magogo mawili na mbao juu. Kila mtu anasema "linacheza". Linacheza kiasi gani? Hakuna ajuaye. Mjomba wangu ni fundi mitumbwi, akanicheka: yeye mtumbwi mpya akiupakia mzigo huchora mstari wa mkaa ubavuni, maji yamefika wapi, upande upi umelala. Nikamwambia mjomba, basi na mimi nachora mkaa wangu.

Nikabandika vikaratasi vyenye alama ya msalaba kwenye gogo la kushoto, na kimoja kwenye mti uliochimbiwa ukingoni, usiotikisika, ili simu ikiyumba nijue. Simu nikaikaza juu ya mawe, maana kijito kilikuwa kikavu. Video ina pikseli 1,920 kwa upana, na eneo nililolilenga lilikuwa kama mita mbili. Gawanyeni wenyewe: kila pikseli ni kama milimita moja. Programu ya Tracker, ya bure kabisa, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa fizikia, inafuata alama hata kwa vipande vya pikseli. Dogo mmoja wa bodaboda akapita katikati na magunia mawili ya mihogo, polepole. Nikahamia upande wa kulia, akarudia vile vile.

Gogo la kulia lilishuka milimita 9. La kushoto 22.

Mzigo ule ule, magogo ya unene ule ule kwa macho. Tukaingia chini na mjomba, akachoma la kushoto kwa kisu, kisu kikazama. Mchwa! Kwa juu gome zima, ndani unga. Mwenyekiti wa kitongoji akaitwa, nikamwonyesha video (namba hakuzijali, video ilimtosha), na gogo likabadilishwa kabla ya mvua. Mdogo wangu wa darasa la pili anavuka pale kila asubuhi. Hicho ndicho walichokicheka darasani.

Tusidanganyane, kamera ina masharti yake. Ikipiga fremu 30 kwa sekunde, mtikisiko unaozidi mara 15 kwa sekunde itakudanganya, utaona mwendo usiokuwepo. Usipokaa mkabala, vipimo vinapinda. Lenzi za simu zinavuta picha pembeni. Jua likihama kivuli kinahama na alama zako. Na ndani ya gogo haioni, ilinionyesha dalili tu, kisu ndicho kilichomkamata mchwa. Kama jopo lingeniuliza hayo ningeshukuru, maana hayo ndiyo maswali ya mwalimu. Lakini kuuliza "kifaa kiko wapi" wakati kila mwanafunzi humo ndani anacho mfukoni, hilo siyo swali, ni mazoea.

Na mazoea haya yana bei. Tunazoea kupima baada ya msiba. Kwanza kitu kianguke, kamati iundwe, ndipo mtu aulize kilikuwa kinashuka milimita ngapi. Waingereza wa Comet angalau walijifunza baada ya mara mbili. Sisi tunasubiri bajeti ya maabara! Umaskini wa fedha naujua, nimezaliwa nao. Huu wa kukataa kutazama kwa makini, huu tunajichagulia wenyewe.

Mradi wangu narudi nao tena wiki ijayo, jina lile lile, slaidi zile zile, na safari hii naanza na ile video ya magogo mawili. Wakinidisco, sawa, mjomba kaniambia mitumbwi ipo. Ila ninyi wa uhandisi mnaosoma hapa, kabla hamjaja kunicheka tena, tokeni nje mkachague kitu kimoja mnachokipita kila siku kikicheza: ngazi ya hosteli, paa la kantini, daraja la kijijini kwenu. Bandikeni karatasi, wekeni simu, mpime. Halafu njooni na namba tubishane.

Nawasilisha.