Daftari la wiki: Shusha hapo mtoni

Vituo vya daladala kati ya Arusha na Moshi vimepewa majina na maji. Konda anayening'inia mlangoni akiita "Tengeru, Usa, Maji ya Chai!" hudhani anaita abiria, kumbe anataja mito inayoshuka kutoka Mlima Meru, tena kwa mpangilio sahihi. Maji ya Chai yalipata jina kwa rangi yake. Volkano ndiyo iliyoyatia floridi nyingi, na meno ya kahawia ya wengi waliokulia ukanda huo yanatoka humo. Ngarenanyuki, juu kidogo, ni Kimasai: maji mekundu. Neno hilohilo husemwa ndilo lililouzaa jina la mji wa Nanyuki kule Kenya. Upande wa pili wa Arusha kuna Mto wa Mbu. Aliyewahi kulala pale bila chandarua hahitaji kueleweshwa.

*

Kwa maji yanayofikika bila gari la kukodi, Ziwa Duluti halina mpinzani. Abiria hushuka Tengeru, huvuka barabara kuu kwa tahadhari zote, kisha hutembea chini ya nusu saa kati ya migomba na kahawa mpaka ukingo wa kasoko. Ziwa lenyewe ni la volkano, lina eneo la hekta 60 hivi, na hakuna mto unaoonekana ukiingia wala kutoka. Maji hulijaza kutoka chini ya ardhi. Njia ya msituni hulizunguka lote, na mtu asiye na haraka huimaliza kwa saa moja na kitu. Njiani kuna kenge wanaoota jua, kima juu ya miti, na furukombe anayepiga kelele kama mwenye mali. Ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo getini hulipwa kiingilio.

Siku ya kwenda ina athari zake. Jumamosi ni gulio la Tengeru, na anayechagua siku hiyo husafiri kifua kwa kifua na mikungu ya ndizi, madumu ya mbege na kuku wasiopenda safari. Nauli haibadiliki. Kinachobadilika ni maana ya neno "kiti".

Karibu na ziwa hilo, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapoland. Kuanzia 1942, Waingereza waliwaweka Tengeru wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Siberia na kupitia Uajemi kabla ya kuifikia Afrika Mashariki kwa meli. Walijenga vibanda vya duara, shule na kanisa. Vita vilipokwisha wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia. Waliobaki wako chini ya misalaba, na eneo lao linatunzwa vizuri kuliko kituo cha daladala.

*

Mita 60.

Kila Mtanzania mwenye kiwanja karibu na maji anaijua namba hiyo, hasa baada ya kuona alama ya X nyekundu ya bomoabomoa ukutani mwake. Inatoka katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, kinachokataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa la asili, bwawa au ukingo wa mto. Kenya hutumia kipimo kingine: kanuni za maji za huko huanzia mita 6 na kuishia 30, kwa kufuata upana wa mto. Nia ni ileile. Mizizi ishike udongo, mafuriko yapate pa kupumulia, na choo kisimwagike kwenye maji ya kunywa ya jirani.

Ukiisoma sheria hiyo kwa macho ya mtembea kwa miguu, hata hivyo, utaona jambo. Inakataza nyumba, haikatazi nyayo. Mguu si shughuli ya kudumu. Kwa nadharia basi, kila ziwa la asili nchini lina mkanda wa mita 60 usiojengwa, na kila mto una mikanda miwili. Mtu angetegemea mikanda hiyo iwe njia ndefu kuliko zote nchini: uzunguke Ziwa Babati kutoka stendi ya mabasi, ufuate ukingo wa Singidani palepale mjini Singida, ushuke na Mto Themi katikati ya Arusha bila kuruka ukuta wa mtu.

Hali halisi ni ukuta. Sheria ilipima eneo lisilojengwa bila kumpa mtu yeyote haki ya kulipita. Mwenye kiwanja cha mbele ya maji hajengi nyumba ndani ya mita 60 kwa kuogopa X, ila anapanda ua wa michongoma, anaweka geti na mlinzi, na kile kipande cha umma kinageuka bustani yake. Hajavunja kifungu, kwa sababu ua wa michongoma ni mimea, na mimea ndiyo iliyotakiwa. Mvuvi aliyezoea kupitia hapo huzunguka. Mama aliyekuwa akiteka maji huzunguka. Mtembezi wa Jumapili, ambaye hana hata ndoo ya kumtetea, huulizwa anamtafuta nani.

Dawa haiko mbali. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitambua njia ya umma inayoweza kupita katika ardhi ya mtu, na utaratibu wa kuianzisha upo. Nguzo za umeme hupitishwa kwa mtindo huo, mabomba ya maji vilevile, na hakuna anayeshangaa. Wanyamapori nao walitungiwa kanuni za shoroba mwaka 2018. Tembo, kwa maneno mengine, ana ushoroba wake kwenye karatasi za serikali. Binadamu anayetoka kituo cha basi kwenda ziwani anamwomba mlinzi.

*

Neno "haikingi" limeingia mjini pamoja na fulana za kufanana na kamera za kuruka. Babu aliyekwenda kwa mguu kutoka Marangu hadi Rombo kuchumbia hakujua kwamba alikuwa akifanya haikingi.

*

Marangu penyewe kituo kinaitwa Mtoni. Daladala kutoka Moshi huenda karibu kilomita 40 kupitia Himo na kumwaga abiria kando ya daraja. Wageni wengi hapo hutazama juu, kwenye geti la Kilimanjaro, ilhali matembezi mazuri kuliko yote ya Uchagani huenda kwa usawa, kandokando ya mfongo.

Mfongo ni mfereji. Maji huchepushwa mtoni, juu kabisa ya korongo, kisha huongozwa kwa kuzunguka mbavu za mlima hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani. Wageni wa karne ya 19 waliikuta mifongo ikifanya kazi, na watu wa koo wakiwa na zamu za maji, siku za kusafisha, na faini kwa mvivu. Ufundi wake ni mteremko. Ukiwa mkali, maji hukata kingo. Ukiwa mdogo mno, matope hutuama. Wachimbaji waliupata mteremko huo bila vyombo vya kupimia vya kihandisi, kwa macho na kwa maji yenyewe. Kwa kuwa mfongo huhitaji mtu wa kuupitia mara kwa mara kuziba mianya, pembeni yake kuna kijia. Nacho, kwa kufuata maji, hakina kupanda wala kushuka kwa maana. Goti la mtu wa miaka 70 hukimudu.

Adabu ya kijia hicho ni moja: mfongo haurukwi hovyo, maana ukingo ukibomoka kihamba cha chini kinakauka, na mwenye kihamba yuko palepale anaangalia. Salamu hutangulia kila kitu.

*

Kichocho hakimpati anayetembea ukingoni. Kinampata anayevua viatu na kuingia majini. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Vijito vya baridi vinavyokwenda kasi mlimani vina hatari ndogo. Ziwa Victoria, kwenye matete, ni habari nyingine.

*

Daraja la Kigongo–Busisi juu ya ziwa hilohilo, lililofunguliwa Juni 2025, lina kilomita 3 na nafasi ya waendao kwa miguu. Kwa hesabu hiyo, mojawapo ya njia bora za ziwani zinazofikiwa kwa basi kutoka Mwanza imejengwa na makandarasi wa barabara, bila kukusudia.

*

Dar es Salaam ina mto wake wa kutembelea, isipokuwa hautembeleki. Msimbazi unaanza katika vilima vya Pugu, ambako daladala zinafika, na unaishia baharini karibu na Daraja la Salenda, ambako daladala zinafika pia. Katikati, mabasi ya mwendokasi yanauvuka pale Jangwani tangu 2016. Mpaka sasa siku ambazo abiria wa mwendokasi wamelikaribia zaidi bonde hilo ni zile ambazo maji yamepanda barabarani na wamelazimika kushuka. Mpango wa kuliboresha bonde, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, una bustani ya jiji ndani yake. Bustani ikija bila njia ya kutoka kituoni, itakuwa mandhari ya dirishani.

*

Treni ya umeme imeisogeza Morogoro mpaka chini ya saa mbili kutoka Dar es Salaam. Uluguru haikusogea. Kutoka mjini bado ni kupanda, mto ukisikika ndani ya korongo, hadi maporomoko ya Choma na jengo la Kijerumani la Morningside. Asubuhi na mapema akina mama wa Kiluguru huteremka njia hiyohiyo na matenga ya mboga kichwani. Anayepanda na chupa yake ya maji hupisha. Maji ya milima hiyo huingia Mto Ruvu, na Ruvu hunywewa Dar es Salaam.

*

Gari la mwisho la kurudi halina saa. Hujaa linapojaa, na likishajaa hakuna jingine. Kwa kuwa jua huzama kwenye saa 12 na nusu, wenyeji wa Marangu Mtoni humwambia mgeni awe kituoni saa 10. Saa 11 bado yuko pale, konda anasema wamebaki wawili tu, na wamebaki wanane.