Springi ya Kitanda Ichaguliwe na Mkunga

Chini ya egemeo la kitanda cha wagonjwa huweza kuwapo mtungi mwembamba wenye kishikizo: springi ya gesi. Mama anayejifungua Mafiga, mjini Morogoro, anaposukuma akikaza mgongo kwenye egemeo hilo, ndipo tofauti ya aina zake mbili hujulikana. Katika aina inayobonyea, pistoni hufungwa katikati ya gesi, na gesi hushindilika; egemeo hurudi nyuma kidogo kila asukumapo. Katika aina imara, pistoni huzuiwa na mafuta, ambayo hayashindiliki kirahisi. Egemeo hubaki lilipoachwa.

Kwenye kiti cha ofisini, kubonyea ni raha. Kwenye kitanda cha uzazi, au cha mgonjwa wa moyo asiyeweza kupumua akilala chali, ni kosa la ununuzi. Aina imara huwa ghali zaidi, naam. Lakini zabuni inayotaja “kitanda chenye egemeo la kuinuka” tu humwachia muuzaji uamuzi ulio wa mkunga. Aitwe kabla ya malipo, ainue egemeo nusu, alifunge, kisha aliegemee kwa uzito wake wote. Mgonjwa naye asione haya kusema kwamba egemeo linamkimbia.