Falaki si ramli

Mtaani Kibokoni yuko binti wa kidato cha nne ambaye jioni, akishamaliza masomo ya shule, hukaa akapima mwanga wa nyota zinazofifia na kung'aa kwa zamu. Hana darubini. Hutumia vipimo vilivyochukuliwa na vyombo vya angani vya Wamarekani, ambavyo vimefunguliwa kwa kila mtu bila ya malipo. Mimi kazi hiyo naiita utafiti. Baadhi ya jirani zake waiita falaki, na kwa neno hilo wakusudia tunguri na kupiga bao. Sasa baba yake ashauriwa amzuie asiende kusomea fizikia Chuo Kikuu, ati mtoto atapotea.

Neno lenyewe tumelionea. Kwa Kiarabu falaki ni njia ya sayari mbinguni. Sisi tukalitia katika mkoba wa mganga, mtu akawa "hupiga falaki" apate kumjua mwizi! Na huku nyakati za sala twazijua kwa hesabu ya jua, kibla twakipata kwa elimu hiyo hiyo, na manahodha waliotia nanga Bandari ya Kale walikuja na kaskazi wakiongozwa na nyota. Zile Altair na Aldebaran za vitabu vya Kizungu ni at-Tair na ad-Dabaran za Waarabu. Kilimia twakiita hivyo kwa kuwa kilitujulisha msimu wa kulima.

Wako pia wasemao kuwa haya ni mambo ya Ulaya, tena ya wanaume. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini kaskazini ya Malindi, kilirushwa chombo kilichopewa jina la Uhuru, kwani siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu. Aliyekisimamia na kukipa jina ni mwanamke, Marjorie Townsend. Kilipima miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie, na vipimo vyake ndivyo vilivyowafanya wataalamu waishuku Cygnus X-1 kuwa ni shimo jeusi. Mwanachuoni wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Yote hayo yalianzia baharini petu, nasi watoto wetu hatuwaelezi.

Mzee wa binti huyu ni mtu wa msikiti, na ukurasa huu huusoma. Namwomba, kabla ya kukata shauri, aketi na mwanawe usiku mmoja amwonyeshe anachokipima.