Mlango wa shule ya uuguzi usifungwe kwa sababu ya buletini iliyopotea vitani

Kuanzia mwezi wa saba, swali ambalo ninaulizwa zaidi barabarani hapa Butembo si la usalama. Wazazi wananisimamisha, wengine wananijua kwa sauti ya redio tu, na kuuliza: "Mtoto wangu amemaliza wa nane, nimpeleke ITM gani?" Mama mmoja aliyekimbia Kanyabayonga mwaka 2024, vita ilipoingia kule mwishoni mwa mwezi wa sita, aliniuliza lake kwa namna nyingine. Binti yake ana akili ya masomo, lakini buletini zake zote zilibaki nyumbani, na hiyo nyumba leo hajui nani anaishi ndani. Mtoto asiye na karatasi anaweza kuwa muuguzi?

Nilimwambia, mama, nitauliza. Nikauliza katika shule tatu, Butembo na Beni. Ya kwanza ilisema mtoto apewe mtihani, na akipita, karatasi zitatafutwa polepole. Ya pili ilisema bila buletini hakuna dosye, na bila dosye hakuna mtoto. Ya tatu haikuuliza buletini wala mtihani. Iliuliza tu kama mzazi ana pesa ya kuandikisha. Nikisema kweli, jibu la tatu ndilo lililonitisha kuliko la pili, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane juu ya ngazi yenyewe, sababu wazazi wengi wanaichanganya. Kwetu hapa, kila mtu aliyevaa blouse nyeupe tunamwita muganga, lakini hawakupita njia moja. Kuna ITM, shule ya sekondari ya mafunzo ya afya, ambako mtoto anaingia akimaliza mwaka wa nane wa msingi, anasoma miaka minne na kutoka na diplomu ya A2. Shule hizo ziko chini ya wizara ya Afya, si chini ya wizara ya masomo ya sekondari kama shule zingine, na mtihani wao wa mwisho ni juri, wenye sehemu ya kuandika na sehemu ya vitendo. Halafu kuna ISTM na vyuo vikuu, kwa yule aliye na diplomu ya serikali au A2. Zamani miaka mitatu ya kule ilikupa grade ya A1, na miaka ya nyongeza A0. Tangu mfumo wa LMD uingie katika vyuo vyetu mwaka wa masomo 2021-2022, majina yamebadilika, lakini mitaani watu bado wanahesabu kwa A1 na A0.

Angalieni umri. Mtoto anamaliza wa nane akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano. Miaka michache mbele, huyo huyo atakuwa katika staji, amesimama kando ya mama anayejifungua usiku, pengine bila umeme. Ndiyo maana mimi sikubali tuseme "aende tu ITM, huko kazi haikosekani", kana kwamba tunampeleka kununua chumvi.

Hiyo sentensi ya "kazi haikosekani" najua ilitoka wapi. Ilitoka katika Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 kule Mangina, ukafika Beni, ukashuka Butembo na Katwa, na ulitangazwa kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Lakini kando ya makaburi, tuliona pia magari mengi, na vijana waliopata malipo ya dola kila siku, jambo ambalo wazazi wao hawakuwa wamewahi kuliona. Jamaa nyingi ziliweka akilini kwamba blouse nyeupe ni pesa. Magari yakaondoka, hiyo fikra ikabaki.

Tulichosahau upesi ni kwamba wahudumu wa afya zaidi ya 160 waliambukizwa katika ule mlipuko. Na tulisahau jambo lingine ambalo linatugusa sisi wenyewe: ugonjwa ulipata nguvu pia ndani ya vituo vidogo vya matibabu, vile tunavyoviita tradi-moderne, ambako mtu anachanganya dawa za miti na sindano. Beni, watoto waliletwa pale na homa ya malaria na wakatoka na Ebola. Vituo vile havikuwa na maji ya kutosha, havikuwa na glavu, na wengine waliokuwa wakichoma sindano pale hawakufundishwa ipasavyo kazi hiyo. Kwa hiyo, ninaposikia shule inapokea mtoto bila kumpima, ninaona ule mkono unaoshika sindano. Nani atakuwa amelala kitandani siku hiyo? Pengine ni mimi.

Sisemi haya kwa kusikia tu. Katika jamaa yetu, binti wa mjomba wangu alisoma miaka mitatu katika shule ambayo sitaitaja. Mjomba aliuza ng'ombe, akauza na kipande cha shamba la kahawa. Ulipokaribia mwaka wa mwisho, ndipo ilipojulikana kwamba shule haikuwa na kibali, na wanafunzi wake hawangeweza kuandikishwa kwenye juri kwa jina la shule ile. Wakuu wakasema wanashughulikia. Hadi leo wanashughulikia. Binti alirudia masomo mahali pengine, kuanzia mwaka wa pili, akiwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani. Leo ni muuguzi mzuri, lakini mjomba hakurudishiwa hata franka moja.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kulipa, nenda bureau ya zone ya afya, au kwenye divisheni ya Afya, uulize: shule hii iko na kibali? Wanafunzi wake wa mwaka jana walifanya juri wapi, na wangapi walipita? Wanafanya staji katika hospitali gani? Shule ya kweli haikasiriki ukiuliza. Na usiulize mtu mmoja tu, sababu hata hapa mjini kila mtu ana shemeji anayefundisha mahali.

Nitumie nafasi kidogo juu ya maandalizi ya mtoto mwenyewe, maana wazazi wanafikiri maandalizi ni minervali na kitambaa cha uniforme. Kinachowaangusha watoto wetu katika mtihani wa kuingia, na baadaye katika mwaka wa kwanza, ni Kifaransa. Nyumbani wanasema Kinande, sokoni Kiswahili, na shuleni wamezoea kukariri nakala za mwalimu bila kuelewa. Halafu siku moja wanapewa anatomia, jina moja la mfupa linajaza mstari, na kila kitu kwa Kifaransa. Mtoto anayetaka uuguzi aanze mapema kusoma kwa sauti, kueleza alichosoma kwa maneno yake, na kuandika barua ya ukurasa mmoja. Hesabu pia. Si hesabu ngumu, ni zile za kugawanya na za asilimia. Dawa ya mtoto inahesabiwa kwa kilo zake. Ukikosea nukta moja, umempa mara kumi. Biolojia na kemia za mwaka wa saba na wa nane zirudiwe, hata kwa daftari la kuazima kwa jirani.

Na kuna kipimo kimoja ambacho hakiko katika mtihani wowote. Mpeleke mtoto siku moja amsaidie koko wake mgonjwa: kumwosha, kumgeuza, kumwaga mkojo. Akirudi na kusema bado anataka, ulipe. Akirudi kimya, msikilize. Wavulana pia, maana kuna wazazi wanaotuma mabinti ITM kwa kuwa "ni kazi ya wanawake", na wavulana kwa kuwa hawakupata nafasi mahali pengine. Hizo sababu zote mbili hazimsaidii mgonjwa.

Sasa nirudi kwa yule mama wa Kanyabayonga.

Ninaamini shule ya pili, ile ya "bila buletini hakuna mtoto", inakosea, hata kama inakosea kwa nia njema. Karatasi ni njia ya kujua kama mtoto anaweza masomo. Kukiwa na vita, karatasi inapotea lakini akili inabaki, na akili inapimwa kwa mtihani. Sisi wa eneo hili tunapaswa kuelewa jambo hili kuliko watu wengine wote. Tarehe 5 mwezi wa tisa 2002, hospitali ya Nyankunde, kule Ituri, ilishambuliwa na mamia ya watu wakauawa. Waliookoka, wauguzi na wagonjwa miongoni mwao, walitembea porini zaidi ya kilomita 100 hadi Oicha. Hawakubeba kabati za dosye. Kazi ya CME ilianza tena Beni, na Beni ikapata faida hadi leo kutoka kwa wale wakimbizi. Kama mtu angewasimamisha barabarani na kuwaomba diplomu ya asili pamoja na fotokopi tatu, tungepoteza nini?

Leo jamaa zilizokimbia ziko kwetu tena, kutoka Kanyabayonga na Kirumba upande wa kusini, na kutoka vijiji vya Beni na Lubero ambako ADF wanaua watu mashambani. Goma imekuwa mikononi mwa M23 tangu mwezi wa kwanza 2025, na ofisi za mkoa zimehamia Beni. Basi kwa sababu wakubwa wako karibu, ombi langu kwa divisheni ya Afya na ile ya masomo si kubwa. Mtoto wa mkimbizi asiye na buletini aandikishwe kwa muda, afanye mtihani uleule wa wengine, bila kupunguziwa hata alama moja. Akipita, shule yenyewe iandikie kule alikosoma, au itafute matokeo yake ya TENASOSP katika ofisi husika. Shule nyingi za kusini walimu wao pia wamekimbilia hapa Butembo. Mkuu wa shule anaweza kushuhudia kwa mkono wake kwamba huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Na mtihani huo usiuzwe. Nimesema usiuzwe, na wanaohusika wamenielewa.

Juu ya pesa, wakuu wa shule watasema nao wanalipa walimu. Ni kweli. Lakini wanajua kwamba kakao ya Beni na kahawa ya Lubero haziivi kwa kufuata kalenda ya shule, na kwamba mkulima anayeogopa kufika shambani kwake hawezi kuleta yote mwezi wa tisa. Malipo ya vipande vinne au vitano yanawezekana, mradi yaandikwe na mzazi apewe risiti.

Na kwa mtoto mwenyewe, nisimdanganye. Akishapata diplomu, atapaswa kuandikishwa katika Ordre ya wauguzi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Halafu atakuta wauguzi waliofanya kazi miaka mingi bila namba ya serikali, bila mshahara, wakiishi kwa prime inayotoka katika mapato ya kituo. Atasikia pia juu ya Maboya, hapa karibu, ambako mwezi wa kumi 2022 hospitali ilichomwa usiku na dada mtawa aliyekuwa daktari akauawa. Wengi wanayajua haya na bado wanaingia.

Nilirudi kwa yule mama siku ya soko. Nikamweleza juu ya shule ya kwanza, siku ya mtihani, na mambo ya Kifaransa. Binti alikuwa kando, anapanga nyanya za jamaa iliyowapokea, hakusema neno. Nilipotaka kuondoka ndipo aliponiuliza kama ninaweza kumwazima kamusi, hadi siku ya mtihani tu. Nimempa ya kwangu. Haina jalada, na kurasa za herufi A zimechanika, lakini mengine yote yamo.