Mshale wa Juu Nusura Unifukuzishe Kazi

Kuna watu wanasema kumbukumbu ya amri ni kajambo kadogo ka mafundi wa kompyuta. Jamani, mimi kajambo hako nusura kaninyime ugali.

Riwaya yangu naiandika usiku. Mchana nilikuwa kibarua katika ofisi moja hapa Singida mjini, kazi yangu kuingiza majina ya wakulima wa alizeti na magunia yao. Orodha ilikaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, nasi tuliifungua kwa psql: unaandika amri, inakujibu. Ukibonyeza mshale wa juu, amri uliyoandika jana inarudi, hata iwe ya mistari sita. Raha tupu!

Sasa sikia. Tulikuwa na hifadhidata mbili, moja ya kujifunzia na moja ya kweli. Ile ya kujifunzia tuliifuta kila jioni. Asubuhi moja, kwenye ile ya kweli, wakulima hawapo. Mtu kabonyeza mshale, amri ya kufuta ya jana ikaja, akapiga Enter. Nani? Tulikuwa watatu, akaunti moja. Faili ya .psql_history huandika amri tu, haitaji mtu wala saa, na amri za hifadhidata zote inazitia chungu kimoja. Lawama ikamwangukia mgeni, yaani mimi. Orodha ilirudishwa kutoka kwenye nakala ya akiba. Kisha bosi akaamuru kumbukumbu izimwe kabisa! Ndiyo kusema mwandishi akikosea ukurasa, achome daftari?

Mafundi nao wananijibu kwa dharau: mbona dawa ipo? Ndiyo, ipo. Mstari mmoja ndani ya .psqlrc unaipa HISTFILE jina la hifadhidata, na kila moja inapata faili yake. Lakini kibarua aliyeishia kidato cha nne atalijua hilo lini, kabla ya kufuta au baada? Kwa nini usalama usiwe ndiyo hali ya kuanzia, anayetaka chungu kimoja akahangaike yeye? Programu ya MySQL inajua kuruka mistari yenye neno PASSWORD isiingie kwenye kumbukumbu, bila kuombwa. Kwa hiyo inawezekana, bwana. Na amri ya kufuta ikiletwa na mshale, iulize kwanza: unajua uko hifadhidata ipi?

Mimi ningejibu hapana, nikaenda kunywa chai.