Nani Huwaamsha Wapiga Kura?

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, husikika wakubwa wakilalama kwamba wananchi hawajaelimishwa vya kutosha, na kwamba mabango, ngoma na vipindi vya redio ndivyo vitakavyowafikisha vituoni. Kauli hiyo humtwisha mpiga kura ujinga asiokuwa nao.

Jumapili ya tarehe 31 Oktoba 2010 Jamhuri nzima ilipiga kura. Katika kura ya Rais wa Muungano, waliojitokeza hawakufika 43 kwa kila 100 walioandikishwa. Katika kura ya Rais wa Zanzibar walikaribia 90. Je, Mpemba na Muunguja walisomeshwa uraia kuliko Msukuma na Mhehe? Hasha! Bara, ushindi wa Jakaya Kikwete, aliyezoa takriban asilimia 80 mwaka 2005, haukutiliwa shaka. Visiwani nani angethubutu kutabiri? Dk. Ali Mohamed Shein alipata kura 179,809, Maalim Seif Sharif Hamad 176,338. Bi kizee aliyesimama foleni tangu alfajiri alijua kwamba kura 3,471 ni watu wa mitaa michache tu, na hakuwa amesahau mwaka 1995, Dk. Salmin Amour alipotangazwa mshindi kwa tofauti ya kura 1,565.

(Asilimia nazo zina hila. Daftari la Zanzibar lilikuwa na majina zaidi ya laki tano mwaka 2005. Mwaka 2010, kitambulisho cha Mzanzibari kikiwa sharti la kuandikishwa, yalibaki laki nne na ushei. Aliyezuiwa mlangoni hahesabiwi miongoni mwa wasiokuja.)

Bara nako shaka iliingia mwaka 2015, Edward Lowassa alipoihama CCM akasimama kwa tiketi ya CHADEMA na kuungwa mkono na UKAWA. Waliojitokeza wakapanda hadi asilimia 67.

Wapo watakaosema kuwa Mzanzibari husukumwa na chuki za kale, si hesabu. Basi na waieleze Machi 2016. Matokeo ya Oktoba 2015 yalikuwa yamefutwa, uchaguzi ukarudiwa, CUF ikasusia. Na kwa takwimu za Tume yenyewe, waliopiga kura walikuwa asilimia 68 hivi. Chuki ya kale, kama ndiyo iliyokuwa ikiwaamsha watu, haikufutika pamoja na yale matokeo. Kilichofutika ni sababu ya kuwahi foleni.